Jeraha Lisiloonekana

Natumaini mmekwisha kuketi na kila mmoja anayo karatasi yake mkononi. Fuata mistari polepole huku ukisikiliza. Neno likikushinda, lipigie mstari, kisha umwulize mwalimu baada ya somo. Kuuliza si ujinga.

Somo letu la leo ni la historia. Tutasoma jinsi waganga wa hospitali walivyojifunza kutibu jeraha lisilotoka damu, yaani jeraha la moyo na akili.

Mfikirie mtu wa zimamoto. Nyumba inawaka, watu wote wanakimbia kutoka, naye anakimbia kuingia. Mfikirie pia mwuguzi anayepokea majeruhi wa ajali ya basi, au dereva wa gari la wagonjwa. Kazi ikiisha anarudi nyumbani. Mikono ameiosha na nguo amebadili. Lakini usiku hapati usingizi. Akisikia mlango umegongwa kwa nguvu, anaruka. Akifumba macho, anayaona yale yale aliyoyaona mchana. Mkewe anamwuliza, "Baba watoto, una nini?" Anajibu, "Sina kitu."

Je, mtu huyo ni mwoga? Shika swali hili, maana zamani watu walipoteza maisha yao kwa sababu ya jibu lake.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1841, katika mji wa Manchester, Uingereza. Daktari mmoja wa kupasua, jina lake James Braid, alikwenda kutazama maonyesho. Mtu alisimama mbele ya watu akawafanya wengine waonekane kama wamelala, kwa kuwatazama. Watu wengi walidhani ni uchawi. Wengine walisema kuna nguvu isiyoonekana inayotoka mwilini mwa mfanyaji. Braid hakuamini, lakini hakucheka wala hakuondoka. Alikwenda kujaribu mwenyewe. Aliona kwamba mtu akikaza macho na mawazo yake juu ya kitu kimoja tu, akili yake hutulia, na maneno anayoambiwa humwingia sana. Mwaka 1843 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, akaliita kwa neno lililotokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wayunani wa kale. Ndiyo asili ya neno letu la leo: hipnosisi.

Sasa angalia vizuri. Hipnosisi si usingizi hasa, wala si uchawi. Mgonjwa anasikia, anajua mahali alipo, na anaweza kusema hapana. Umepata kusikiliza hadithi ikakunoga hata usisikie mtu akikuita? Hali hiyo iko karibu na hipnosisi. Daktari humkalisha mgonjwa, humwambia apumue polepole, aelekeze fikira zake mahali pamoja, kisha husema naye kwa sauti ya upole.

Haya, tuendelee. Mwaka 1914 ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Huko Ufaransa na Ubelgiji askari walikaa ndani ya mahandaki, mizinga ikipiga usiku na mchana. Punde madaktari wakaanza kuletewa askari wa ajabu. Mwili mzima, hakuna jeraha, lakini mmoja hawezi kusema, mwingine haoni, wa tatu anatetemeka bila kukoma, wa nne hajui hata jina lake.

Charles Myers alikuwa mtaalamu wa elimu ya akili kutoka Cambridge, naye alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya askari huko Ufaransa. Mwezi Februari mwaka 1915 aliandika katika gazeti la madaktari la Uingereza juu ya askari watatu wa namna hiyo. Mmoja wao alikuwa amefukiwa na udongo wa handaki lililobomolewa na kombora. Katika kuwatibu, Myers alijaribu hipnosisi. Aliwatuliza, kisha akawasaidia kukumbuka polepole mambo waliyoyasahau. Aliona kwamba kumbukumbu zikirudi kwa utaratibu, mtu akiwa ametulia na yuko pamoja na daktari wake, mara nyingi nafuu nayo hurudi.

Lakini tusidanganyane. Tiba hiyo haikumponya kila mtu. Askari wengine walipona, wengine walipata nafuu kidogo, na wengine hawakuweza kabisa kuingia katika hali ya hipnosisi.

Tena si wakubwa wote wa jeshi waliokubali kwamba huo ni ugonjwa. Wengi walisema, "Hawa ni waoga." Katika vita hiyo zaidi ya askari 300 wa majeshi ya Uingereza walihukumiwa na kupigwa risasi na wenzao, kwa makosa kama vile kutoroka na woga. Leo tunajua kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa wa jeraha lisiloonekana. Serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 90 baada ya vita kwisha. Wajane wao walikuwa wamekufa zamani, na watoto wao walikuwa wamekua na aibu isiyokuwa yao.

Na yule Charles Myers, je? Hapa pana jambo la kutia huruma. Vita ilipokwisha, serikali iliunda kamati ya kuchunguza ugonjwa ule, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1922. Myers aliombwa aje kutoa habari zake. Alikataa. Kukumbuka miaka ile ya kazi kulimwumiza mno. Kitabu chake cha kumbukumbu za kazi hiyo hakikutoka mpaka mwaka 1940. Unaona, ndugu yangu? Aliyekuwa akiwatibu wenzake, yeye naye alikuwa amejeruhiwa. Anayebeba majeruhi begani hupakwa damu.

Miaka ikapita. Mwaka 1955 chama cha madaktari wa Uingereza kilikubali kwamba hipnosisi ina faida katika tiba, na mwaka 1958 chama cha madaktari wa Marekani nacho kikasema hivyo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha katika kitabu chao cha magonjwa. Basi ukawa na jina lake, na haukuwa tena ugonjwa wa askari peke yao. Watu wa zimamoto, polisi, wauguzi na wachukuzi wa majeruhi nao wakaanza kuangaliwa.

Wataalamu hawakuridhika na maneno matupu, wakapima. Mwaka 1989 huko Uholanzi walitoa habari za wagonjwa 112 wa kiwewe waliotiwa katika mafungu. Wengine walitibiwa kwa hipnosisi, wengine kwa njia mbili nyingine, na wengine walingoja kwanza. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliongoja, lakini zile njia tatu hazikupishana sana. Mwaka 2005 huko Australia wagonjwa 87 walipimwa. Wale walioongezewa hipnosisi katika tiba ya kawaida ya mazungumzo walipungukiwa upesi na mambo ya kutisha yaliyokuwa yakiwarudia akilini. Lakini baada ya muda mrefu, waliopata mazungumzo tu waliwafikia. Kwa hiyo tunajifunza kwamba hipnosisi ni msaidizi wa tiba, wala haisimami badala yake.

Tena ina hatari yake. Mtu aliye katika hipnosisi anaweza kuambiwa jambo ambalo halikutokea, akaamini kwamba analikumbuka. Kwa hiyo kazi hii ni ya daktari au mtaalamu wa akili aliyesomea. Ukimwona mtu anafanya maonyesho sokoni au ukumbini, cheka ukitaka, lakini usimpelekee mgonjwa wako.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 7 Agosti mwaka 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11. Majeruhi walikuwa maelfu. Nairobi wapita njia, askari na wauguzi walikimbilia palipobomoka, na wengi walichimbua kifusi kwa mikono mitupu wakitafuta walio hai. Baadaye wataalamu wa Kenya walianzisha mpango wa kuwapa watu ushauri nasaha, maana walijua kwamba kifusi cha mawe kitaondolewa, lakini kilichobaki moyoni hakiondolewi kwa koleo.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, aliyetetemeka baada ya kuokoa wenzake ni mwoga? Historia imejibu: la. Mwoga hakuingia motoni. Yeye aliingia, akatoka na jeraha. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, usimcheke, wala usimlazimishe kusimulia yote siku ile ile. Keti naye, umpe chai, umwache alale. Majuma yakipita naye bado haponi, mpeleke hospitali. Na kama ni wewe mwenyewe, usijibu, "Sina kitu." Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Haya, zungumzeni darasani maswali haya:

1. James Braid aliona maonyesho yale yale waliyoyaona wengine. Yeye alifanya nini ambacho wao hawakufanya?
2. Kwa nini Myers alikataa kwenda mbele ya kamati?
3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani hukimbilia kuokoa wengine? Naye akiumia moyoni, ni nani humwuliza hali?

Andikeni majibu ya swali la tatu kwa mistari mitano. Kwaherini mpaka somo lijalo.