Shahada ni Shahidi: Ijaza za Masheikh na Vyeti vya Mitihani



Siku moja baada ya darsa ya alasiri mzazi mmoja alinisubiri mlangoni pa msikiti. Mwanawe alikuwa amepata ziro katika mtihani wa kidato cha nne. Kijana huyo huyo kwetu madrasani ni hodari. Amemaliza Ajrumiyya na Mutammima katika nahau, na sasa amefika mbali katika Minhaj ya Imam Nawawi. Yule baba akaniuliza, "Sheikh, kwani nisimtoe kabisa katika mambo ya shule, nikamwacha kwenye vitabu vyenu? Mbona nyinyi hamna vyeti na mnaishi?" Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona jibu la haraka litamdhulumu yeye na mwanawe. Nikamwomba muhula wa wiki. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyakusanya katika wiki ile, na nimeonelea na wasomaji wetu wayapate, kwa sababu swali hili wanaloliuliza ni wengi, na majibu mawili yanayotolewa mitaani (kwamba cheti ndicho kila kitu, na kwamba cheti si kitu) yote mawili yanapingwa na taarikh.

Tuanze na jina lenyewe. Waarabu wa leo karatasi ya kuhitimu huiita shahada, na sisi tumelichukua neno hilo kwa digrii ya chuo kikuu. Lakini shahada asili yake ni ushahidi, ule ule unaotolewa mbele ya kadhi. Basi mwenye shahada ni mtu aliyeshuhudiwa. Na mwanachuoni anapousikia ushahidi jambo la kwanza analouliza ni: shahidi ni nani, anajulikana, ni mwadilifu, na amekishuhudia nini hasa? Maswali haya ya mlango wa Kadhaa ndiyo yatakayotuongoza.

Wazee wetu hawakuwa na shahada kwa maana hii ya leo. Walikuwa na ijaza, yaani ruhusa. Sheikh humwandikia mwanafunzi wake kwamba fulani bin fulani amekisoma kwangu kitabu kadhaa, nami nilikisoma kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa mtunzi. Na kwamba nimemruhusu akipokee na akifundishe kutoka kwangu. Hakuna alama wala daraja ndani yake. Kuna majina ya watu tu. Ijaza haitoki kwa jengo, inatoka kwa mtu, na thamani yake ni thamani ya mtu huyo.

Imam Malik (R.A.) imepokewa kutoka kwake kuwa hakukaa kutoa fat-wa mpaka waliposhuhudia watu sabini katika wanavyuoni wa Madina kwamba anastahiki. Na mwanafunzi wake, Imam Shafi'i, aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, alikuwa yatima ambaye mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu wa chuoni. Mwalimu akaridhika, badala ya ada, mtoto awe anamshikia wenziwe kila yeye anapoondoka. Huyu naye aliporuhusiwa kutoa fat-wa akiwa bado barobaro, aliyemruhusu ni Muslim bin Khalid az-Zanji, mufti wa Makka. Kwa hiyo anayesema kwamba wakubwa wa zamani walifaulu bila ya kushuhudiwa na yeyote hakuisoma sira yao. Hawakuwa na karatasi, lakini mashahidi walikuwa nao, tena wa kutisha.

Sasa ilikuwaje ushahidi wa mtu ukageuka kuwa mtihani wa serikali? Kisa ninachokipenda zaidi katika mlango huu ni cha Baghdad, mwaka 319 Hijria (931 Miladia), katika zama za Khalifa al-Muqtadir. Wamekipokea walioandika habari za matabibu, akina Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a. Khalifa aliletewa habari kwamba tabibu mmoja amekosea na mgonjwa amekufa. Akaamrisha matabibu wote wazuiwe kufanya kazi, isipokuwa atakayetahiniwa na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit bin Qurra, akaandikiwa kwa hati ni jambo gani katika utabibu anaruhusiwa kulifanya. Walitahiniwa watu zaidi ya mia nane na sitini katika pande mbili za mji, bila ya kuwahesabu waliosamehewa kwa umashuhuri wao na waliokuwa katika utumishi wa Khalifa. Na Sinan wakati huo alikuwa Msabii, hajasilimu. Alisilimu baadaye katika zama za al-Qahir. Khalifa wa Waislamu hakuona taabu kumkabidhi jambo la roho za watu kwa sababu alikuwa ndiye aijuaye kazi.

Tazama sababu ya mtihani ule. Haukuwekwa ili kupandisha watu vyeo wala kuwapa watu sifa. Uliwekwa kwa sababu mtu alikufa. Na hii inakubaliana na Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, yenye maana kwamba anayejitia katika utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu huwa ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mafakihi wameijenga juu yake hukumu ya dhamana. Neno la kuangaliwa humo ni "kujulikana". Madina ya Mtume (S.A.W.) ulikuwa mji ambao watu wake wanajuana, na tabibu anajulikana kwa nyumba yake na kwa wagonjwa wake. Baghdad ya al-Muqtadir ulikuwa mji wa wageni, mtu anaweza kuingia kwa lango hili leo, akajiita tabibu, kesho akatoka kwa lango lile. Mji unapokua kiasi hicho, kujulikana kunahitaji karatasi.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonichekesha na kunifikirisha. Katika waliokuja kutahiniwa alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akamkalisha karibu, akadhani ni mwanachuoni. Watu walipoondoka alimtaka amweleze kitu katika aliyoyahifadhi na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu yake karatasi yenye dinari, akaziweka mbele ya Sinan, akakiri kwamba kusoma na kuandika vizuri hajui, wala hakupata kusoma kitu; ila ana watoto wanaomtegemea, na riziki yao ni kazi hii, basi asimkatie. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, na asiamrishe kutolewa damu wala dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa huo ndio mwendo wake tangu zamani, hajapata kuvuka sikanjabini na julabu. Yaani siki iliyochanganywa na asali, na sharubati ya maji ya waridi. Siku ya pili akaja kijana mzuri wa sura na mavazi. Alipoulizwa amesoma kwa nani, alisema kwa baba yake. Baba yako ni nani? Ni yule mzee aliyekuwa kwako jana. Sinan akamuuliza kama naye yumo katika mwendo wa babake, akaitikia, akaambiwa asiuvuke.

Wako wanaokisoma kisa hiki wakamlaumu Sinan kuwa alilegeza. Mimi naona alifanya fikihi hasa, ingawa mwenyewe hakuwa fakihi. Mlango wa riziki hakuufunga. Mlango wa madhara ndio alioufunga. Mzee aliyetoa sharubati ya waridi kwa miaka yote ile hakumuua mtu. Ambaye angeua ni yule mwenye kisu asiyejua mishipa, na huyo hakuachiwa hata kama ana watoto kumi.

Al-Azhar nayo ilikawia sana kuingia katika mambo haya. Msikiti ule ulijengwa katika karne ya 4 Hijria, na kwa karne nyingi mwanafunzi alikuwa akijiona ameiva na walimu wake wakimridhia hukaa kwenye nguzo akafundisha; wanavyuoni humjia wakamtupia maswali, akishinda hubaki, akishindwa huondoka. Mwaka 1872, katika zama za Sheikh Muhammad al-Abbasi al-Mahdi, ndipo ilipotolewa kanuni ya mtihani wa shahada ya Alimiyya: wanavyuoni sita, fani kumi na moja, na daraja tatu kwa wanaofaulu. Walikuwa wamezidi wanaokaa kwenye nguzo bila ya kustahiki. Basi angalia kilichotokea mwaka 1877. Sheikh Muhammad Abduh aliingia mtihani ule, wakubwa wakavutana juu yake kwa sababu ya fikra zake, akatoka na daraja ya pili. Mwaka 1899 alikuwa Mufti wa Misri. Daraja ya pili ilipima ugomvi wa watahini wake kuliko ilivyopima elimu yake. Lakini nani angemfanya Mufti asiyekuwa na Alimiyya kabisa?

Tuje kwetu pwani, ambako tuna mfano wa nyumba moja. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Cheti cha shule hakuwa nacho. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na majina ya walimu wake yalitosha kuwa ushahidi, kwa sababu toka Lamu mpaka Ngazija hakukuwa na mwanafunzi asiyemjua bin Sumeit. Hata hivyo Sheikh al-Amin hakuyageuza mafanikio yake kuwa hoja ya kuidharau shule. Katika gazeti lake la al-Islah, alilolianzisha mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kubaki nyuma katika elimu. Alikuwa ameona kwamba mashahidi wanabadilika.

Alifariki mwaka 1947, na mwanawe Ali alikuwa na miaka kumi na minne. Kijana huyo alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME. Siku moja ya Maulidi alisimama kuhutubia, na miongoni mwa wageni alikuwamo Gavana Sir Philip Mitchell, akapendezwa naye, na hapo ndipo mlango wa kusomeshwa Uingereza ulipoanza kufunguka. Manchester ilimpa shahada yake ya kwanza mwaka 1960, Columbia ya pili mwaka 1961, Oxford udaktari mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa kuwa mwanafunzi ilikuwa na Ali Mazrui kuwa profesa wake na mkuu wa idara. Alifariki mwaka 2014 akazikwa Mombasa kwa wazee wake.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kuonyesha kuwa mtihani hauna maana. Mimi nakisoma vingine. Kwanza, Ali hakuishi bila ya vyeti; aliirudia ile ngazi akaipanda mpaka kileleni. Pili, walioanguka mtihani pamoja naye hawakuwa na gavana katika Maulidi yao, na hatuyajui majina yao. Mafakihi husema jambo la nadra halijengewi hukumu. Misri nako yuko Abbas Mahmud al-Aqqad, ambaye cheti chake kilikuwa cha shule ya msingi, naye aliandika vitabu zaidi ya mia. Abqariyyatu Umar nilikisoma nikiwa mwanafunzi nikasahau kula. Al-Aqqad ni mmoja. Mzazi anayemjengea mwanawe maisha juu ya mfano wa al-Aqqad anamchezea kamari.

Na nisijifiche nyuma ya wakubwa. Nilipokuwa kijana nilikwenda katika ofisi moja kuomba kazi ya kufundisha Kiarabu, na mkononi nina ijaza ya sheikh wangu, kwa khati yake. Karani aliigeuza mbele na nyuma akitafuta muhuri. Akaniuliza, "Nani huyu aliyetia sahihi?" Nilitoka nimekasirika, na kwa miaka mingi nilikisimulia kisa kile kama dhulma. Leo naona yule karani aliuliza swali la kadhi: shahidi huyu ni nani? Sheikh wangu alijulikana katika misikiti yetu yote, lakini yeye hakuwa mtu wa misikiti yetu. Aliyekosea zaidi ni mimi, niliyedhani dunia yote inakaa katika darsa yetu.

Wiki ilipokwisha yule baba alirudi, safari hii na mwanawe. Nilimuuliza kijana kilichomwangusha. Akasema hesabati na Kiingereza, na kwamba kipindi cha mwisho alikuwa haendi shuleni, akimwambia baba yake yuko madrasa na akituambia sisi ana masomo ya shule. Baba alinyamaza. Nami nilinyamaza, maana sikuwahi hata siku moja kuuliza shuleni.

Kijana amejiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darsa yake ya Minhaj tumeihamishia baada ya Isha, na Jumamosi asubuhi anafundishwa hesabati na mwalimu mmoja mstaafu anayesali kwetu. Ijaza yake nitamwandikia atakapokimaliza kitabu, si kabla. Baba yake ameomba namba ya simu ya mwalimu wa hesabati, nami nimeomba ya mwalimu mkuu.

Wallahu aalam.