Neno "Upya" na Kazi Zake Nne: Historia Fupi ya Istilahi za Seva ya Majaribio

Utangulizi

Msamiati wa chombo kipya kwa kawaida huingia katika lugha kwa mlango wa mtumiaji, na huchelewa sana kuingia kwa mlango wa fundi. Redio ilipoenea nchini, wananchi walijua kuifungua na kuifunga zamani kabla ya kuwa na maneno ya sehemu zake za ndani. Kompyuta nayo imefuata njia hiyohiyo. Tunayo maneno ya kufungua, kuhifadhi, kunakili na kufuta, na tunayatumia bila taabu. Lakini tukiingia katika karakana ya wale wanaozitunza mashine hizo, mara tunaishiwa na maneno, au tunajikuta tunalitumia neno moja kwa mambo mengi.

Katika makala haya tutaeleza historia ya kazi moja ya karakana hiyo, yaani kazi ya kuandika maagizo yanayoiwezesha mashine kusakinisha yenyewe seva ya majaribio ya kutunzia matoleo, na kuirudisha katika hali yake ya mwanzo kabla ya kila jaribio. Hatukusudii kumfundisha msomaji ufundi huo. Tunakusudia kuonyesha kwamba neno "upya" limebebeshwa kazi nne zisizofanana, na kwamba anayelisoma visivyo anaweza kufuta jasho la watu.

Tumchukue kwa mfano mwalimu wa kata ya Chole, wilayani Kisarawe, aliyekabidhiwa kompyuta yenye majina ya wanafunzi na alama zao za miaka mitatu. Mashine imekwama, nayo inamwuliza kwa Kiswahili safi kama anataka "kuweka upya". Mwalimu huyu ataelewa nini? Huenda akadhani kwamba mashine itazimwa na kuwashwa tena. Huenda akadhani kwamba faili alilolifuta jana litarudi mahali pake. Kumbe maana iliyokusudiwa ni kwamba kila kilichomo kitafutwa, na mashine itabaki kama ilivyotoka kiwandani. Ramani inaonyesha kwamba Kisarawe inapakana na Dar es Salaam, mji ambao maneno mengi ya fani hii yameundwa humo. Lakini neno lisiposafiri pamoja na maana yake, umbali wa kilomita hausaidii kitu.

Kazi yenyewe

Kabla ya kutafuta jina hapana budi kukijua kinachopewa jina. Watu kadhaa wanapoandika programu moja, au hata kitabu kimoja cha sheria, huhitaji mahali pa kuweka kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, siku aliyolifanya na sababu yake. Mahali hapo tutapaita ghala la matoleo. Mashine inayolitunza ghala hilo na kuwahudumia watu kutoka mbali ni seva.

Fundi mwenye busara hajaribu jambo geni katika seva ambayo watu wanaifanyia kazi. Hutengeneza seva nyingine ya majaribio. Seva hiyo ina sharti moja kubwa: kila jaribio lianze katika hali inayojulikana. Mwalimu wa sayansi hawezi kupima chumvi katika bilauri iliyobaki na maji ya jana. Vivyo hivyo jaribio la leo haliaminiki iwapo mabaki ya jaribio la jana bado yamo ghalani. Kwa hiyo fundi huandika hati ya maagizo ambayo mashine huifuata hatua kwa hatua. Kwanza huhakikisha kwamba seva iliyopo mbele yake ni ile ya majaribio na si nyingine. Pili husimamisha huduma. Tatu hufuta ghala la zamani. Nne husakinisha programu inayotakiwa. Tano huunda ghala jipya lenye watumiaji wa mfano na faili za mfano. Mwisho hukagua na kutoa taarifa kwamba mambo yote yako sawa.

Hati iliyoandikwa vizuri ikiendeshwa mara moja au mara kumi huleta hali ileile. Thamani ya kazi nzima imo katika uthabiti huo. Hatari yake nayo imo katika hatua ya tatu, ile ya kufuta. Hatua ya kwanza ikisahauliwa, hati itatii amri yake kwa uaminifu kabisa, na itafuta ghala lisilo lake.

Chimbuko la fani

Mashine ya kutunza matoleo si jambo la jana. Mwaka 1972 Marc Rochkind, akiwa katika maabara ya Bell huko Marekani, alibuni mfumo ulioitwa SCCS. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alieleza mfumo wake wa RCS. Mifumo hiyo ilitunza faili mojamoja, na aliyetaka kubadilisha faili alilifunga kwanza ili mwenzake asiliguse.

Katikati ya miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, jina lake Dick Grune, alikuwa akiandika programu pamoja na wanafunzi wake wawili. Saa zao za kazi hazikulingana, na ile desturi ya kufunga faili iliwachelewesha. Hapo akatunga hati kadhaa za maagizo juu ya RCS, ili watu watatu waweze kufanya kazi kwa wakati mmoja. Hati hizo alizitoa kwa umma mwaka 1986, nazo ndizo asili ya mfumo wa CVS. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa linaonyesha kwamba hati ya maagizo haikuletwa baadaye kama kiungo cha kuongeza ladha. Mfumo mashuhuri wa kutunza matoleo ulizaliwa ukiwa hati ya maagizo.

Kampuni ya CollabNet ilianzisha Subversion mwaka 2000, na toleo lake kamili la kwanza likatoka mwaka 2004. Mwezi wa Aprili 2005 Linus Torvalds alianza kuunda Git, mfumo ambao leo umeenea duniani kote. Majaribio ya Git yenyewe yamejengwa juu ya kanuni tuliyoieleza: kila hati ya majaribio hujitengenezea kwanza saraka yake, huunda ghala jipya ndani yake, na jaribio likifaulu saraka hiyo huondolewa. Watungaji wake waliita saraka hiyo kwa jina la takataka. Jina hilo halina heshima, lakini lina faida kubwa, kwa sababu hakuna mtu atakayeweka mali yake mahali palipoitwa takataka.

Upande wa kusakinisha seva nzima bila mkono wa mtu nao una historia yake. Mwaka 1993 Mark Burgess wa Oslo alianzisha CFEngine, na mwaka 1999 Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne akatoa FAI. Docker ilipotolewa mwaka 2013, fundi aliweza kuunda seva ya majaribio na kuitupa kwa muda wa dakika chache.

Kiswahili kinaingia ghalani

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Nambari 27 ya mwaka 1967, nalo likapewa jukumu la kusimamia ukuzaji wa lugha, pamoja na istilahi. Kazi ya miaka ile ya mwanzo ilielekea zaidi kwenye utawala, sheria, elimu na siasa. Hilo halishangazi. Kompyuta chache zilikuwapo nchini tangu katikati ya miaka ya 1960, kuanzia Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 serikali ilizuia uagizaji wake, na zuio hilo halikuondolewa upesi. Hivyo miaka ambayo lugha ilipata istilahi nyingi kwa mpango ulio imara ndiyo miaka ambayo chombo chenyewe kilikuwa adimu kuliko wakati wowote.

Chombo kilipoenea katika miaka ya 1990, maneno yalikuja kwa haraka na kutoka pande nyingi. Mengine yalitoholewa, kama kompyuta, programu, faili na seva. Huko Kenya neno tarakilishi lilipata nguvu, ilhali Tanzania ilishikamana na kompyuta. Mengine yalichukuliwa kutoka kazi za zamani za pwani: kupakia na kupakua, ambayo mabaharia na wachukuzi wa bandarini wanayajua tangu enzi za majahazi, yakapewa kazi ya kupeleka na kuleta faili. Haya ya mwisho yamefaulu kuliko yote, kwa sababu msikilizaji wake anauona mzigo ukipanda na kushuka.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Wakati huo OpenOffice ilitunzwa katika ghala la CVS. Basi tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba maneno ya Kiswahili yaliingia katika ghala la matoleo kabla ya Kiswahili kuwa na jina la ghala lenyewe. Kampuni kubwa za kigeni nazo zilitafsiri programu zao katika miaka iliyofuata. Kote huko mfasiri alikuwa akimtumikia mtu aliyekaa mbele ya kioo. Aliyekaa nyuma ya seva hakukumbukwa.

Kazi nne za "upya"

Kutokana na historia hiyo tumerithi kundi la maneno yanayofanana mno. Tunasema "anzisha upya" mashine inapozimwa na kuwashwa. Tunasema "sakinisha upya" programu inapowekwa tena mahali ilipokuwa. Tunasema "weka upya" kila kitu kinapofutwa na kurudi kwenye hali ya mwanzo. Na wako wanaosema "rejesha upya" wakiwa na maana ya kurudisha kilichopotea kutoka katika nakala ya akiba.

Matendo mawili ya kwanza kwa kawaida hayadhuru data. La tatu huifuta. La nne huiokoa. Hata hivyo yote manne yanamfikia msomaji yakiwa yamevaa kanzu moja. Tena "weka upya" lenyewe lina sura mbili. Anayeambiwa aweke upya nenosiri lake hubadilisha neno moja tu, na hapotezi kitu. Anayeambiwa aweke upya simu yake hupoteza kila kilichomo. Mtumishi wa serikali aliyejifunza maana ya kwanza ana haki ya kuichukua hadi kwenye ya pili. Kosa likitokea, lawama isimwangukie yeye, iwaangukie waliomwandikia.

Mapendekezo

Desturi ya kuunda istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende mbali zaidi. Kwa njia hiyo tulipata ngeli kutoka Kihaya. Katika suala hili tunaona hakuna haja ya kutoka nje ya nyumba. Tunapendekeza yafuatayo:

Sakinisha: kuiweka programu katika mashine ili ikae na kufanya kazi. Neno hili ni la ukoo mmoja na maskani, na maana yake imekwisha kutulia.

Washa tena: kuzima mashine au huduma na kuiwasha, bila kugusa kilichomo.

Rudisha mwanzoni: kufuta yaliyoongezwa na kurejea hali ya mwanzo iliyowekwa. Litumike badala ya "weka upya" kila panapofutwa kitu.

Rejesha: kurudisha kilichopotea kutoka katika nakala ya akiba. Lisitumike kwa jambo lingine.

Tangua: kuliondolea nguvu badiliko moja huku kumbukumbu yake ikibaki. Tunatangua ndoa na tunatangua amri, lakini daftari linabaki na habari kwamba vilikuwapo.

Ghala la matoleo: mahali pa kutunzia mabadiliko yote. Hazina tumeiacha kwa kuwa tayari ni ya fedha, na hifadhidata ina kazi yake nyingine.

Toleo na badiliko: toleo liwe lile linalotolewa kwa watumiaji, kama toleo la pili la kitabu, badiliko liwe kila hatua inayoandikwa ghalani kabla ya hapo.

Hati ya maagizo: maandishi yanayofuatwa na mashine hatua kwa hatua. Tumefikiria "hati ya amri", lakini karani wa mahakama ataisoma kama karatasi ya hakimu.

Seva ya majaribio: mashine ambayo kufutwa kwake hakumdhuru mtu.

Hitimisho

Yako maoni kwamba mafundi wanazungumza Kiingereza katika karakana yao, na kwa hiyo istilahi hizi hazina wa kuzitumia. Maoni hayo tunayaheshimu, lakini hatuyakubali. Maneno ya fundi hayabaki karakanani. Baada ya mwaka mmoja au miwili huteremka hadi kwenye kioo cha mwalimu, karani na mganga, na hapo hayana tena fundi wa kuyaeleza. Wanafunzi wanaofundishwa kompyuta leo ndio watakaotunza seva za halmashauri kesho, nao watafundisha wenzao kwa maneno watakayokuwa wameyapata kwetu.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kutoa maoni. Neno litakaloshindwa kueleweka liondolewe bila huruma. Kipimo chake ni yule mwalimu wa Chole: akiulizwa na mashine kama anataka kurudisha mwanzoni, asite kidogo, aisome mara ya pili, kisha kwanza atoe nakala ya alama za wanafunzi wake.