Uoni hafifu: Jicho dhaifu husomaje?

MJI wa Thika unafahamika kwa mashamba ya mananasi, na pia kwa shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, ambayo ilifuatwa na shule ya upili mnamo 1967. Jina hilo humfanya mpita njia adhani kwamba kila mwanafunzi aliye humo anaishi gizani. Sivyo. Miongoni mwao wamo wanaoiona karatasi, wakauona wino, ila herufi zikawashinda. Hao ndio wenye uoni hafifu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu wa aina hiyo ni yule ambaye, hata baada ya kutibiwa na kupewa miwani ifaayo, huona chini ya kiwango cha 6/18, au upeo wake wa kuona haufiki nyuzi 10 kutoka pale anapokaza macho, lakini angali anaweza kuutumia uwezo uliosalia. 6/18 maana yake ni kwamba anachokiona wengine wakiwa umbali wa mita 18, yeye hana budi kukisogelea hadi mita 6. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya 333,520 wenye matatizo ya kuona, wakiwemo wasioona kabisa. Sensa hiyo ilihesabu pia watu 9,729 wenye ualbino, hali ambayo huizuia sehemu ya katikati ya retina kukomaa na mara nyingi huyafanya macho yachezecheze.

Sehemu hiyo ya katikati ndiyo msomaji anayoitegemea. Jicho haliambai mstari kama maji mferejini. Huruka, likatua, likaruka tena, na kila linapotua huona vyema herufi chache tu. Nje ya hapo herufi husongamana. Mnamo 1970 mtafiti Herman Bouma wa Uholanzi alionyesha kuwa herufi inayotambulika vizuri ikiwa peke yake hupotea inapozungukwa na jirani zake, na kwamba msongamano huo huzidi kadiri herufi inavyokuwa mbali na kitovu cha jicho.

Kazi iliyoleta mwanga zaidi ni ya Profesa Gordon Legge wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ambaye mwenyewe ana uoni hafifu. Kuanzia 1985, yeye na wenzake walipima kasi ya kusoma kwa maandishi ya ukubwa mbalimbali. Walibaini kuwa kasi hupanda herufi zinapokuzwa, hadi kufikia ukubwa fulani. Baada ya hapo kuzikuza zaidi hakuongezi kitu. Ukubwa huo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Aidha, chanzo cha tatizo kina uzito wake. Mwenye ukungu ndani ya jicho, kama ule wa mtoto wa jicho, mara nyingi husoma vyema zaidi maandishi meupe juu ya weusi. Aliyepoteza kitovu cha retina husoma polepole hata herufi zikiwa kubwa namna gani.

Kwa hivyo kumpa kila mwanafunzi kitabu cha maandishi makubwa si dawa. Herufi zikikuzwa mara 4, ukurasa nao huhitaji nafasi mara 16. Njia rahisi zaidi haina gharama: kitabu kikiletwa kutoka sentimita 40 hadi 20, herufi huonekana kubwa maradufu. Wazazi na walimu wengi huwakataza watoto kufanya hivyo wakihofia kuwa macho yataharibika. Hofu hiyo haina msingi. Mtafiti Natalie Barraga alionyesha nchini Marekani, mnamo 1964, kwamba watoto wenye uoni hafifu wakifunzwa kuyatumia macho yao huongeza uwezo wa kutambua wanachokiona.

Kiswahili nacho kina hesabu yake. “Watakaomsaidia” ni neno moja la herufi 14, linalobeba yale ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno 5. Anayetumia lenzi kali huona kipande tu cha neno hilo, na lazima akumbuke mwanzo wake hadi afikie mwisho. Kumpima mtoto wa Thika kwa idadi ya maneno kwa dakika iliyowekwa kwa Kiingereza ni kumwonea.

Nje ya darasa mambo hugeuka. Mkazi wa Ruiru anayesubiri matatu hawezi kuisogelea nambari ya gari linalopita kwa kasi, na lenzi ya kusomea haimfai hapo. Anachohitaji ni darubini ndogo ya mkononi. Michoro na herufi za madoido zinazopamba matatu, hata ziwavutie vijana vipi, humficha msomaji huyu hicho hicho anachokitafuta.

Breli haijapitwa na wakati. Mwanafunzi anayechoka baada ya aya mbili za wino, au ambaye ugonjwa wake unaendelea kumnyang'anya nuru, atafaidika akijua njia zote mbili. Baraza la Mitihani la Kenya huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa, lakini uamuzi wa ipi imfae mtahiniwa yupi wapaswa kufanywa miaka mingi kabla ya mtihani, kwa kupima macho yake na kasi yake ya kusoma.