Nani Aliyeandika Vita vya Biafra? Riwaya ya Adichie na Filamu Yake

Riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, Half of a Yellow Sun, ilichapishwa mwaka 2006, ikatwaa Tuzo ya Orange mwaka uliofuata na kusomwa kwa wingi ndani na nje ya Afrika. Filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Biyi Bandele, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2013. Nchini Nigeria kwenyewe ilikawia: onyesho lililopangiwa Aprili 2014 lilikwama mikononi mwa bodi ya udhibiti, na watazamaji wakasubiri hadi Agosti. Mabishano kuhusu udhibiti yalifunika swali zito zaidi la kihakiki, yaani, kwa nini kazi iliyoogopwa kiasi hicho ikaonekana nyepesi machoni pa wasomaji wa riwaya.

Jibu la mkato ni kwamba kitabu ni kirefu na filamu haifiki saa mbili. Jibu hilo halitoshelezi. Waigizaji, hasa Anika Noni Rose katika nafasi ya Kainene, hawana lawama kubwa. Kasoro ipo katika usimulizi. Adichie aliigawa riwaya katika sehemu nne zinazopishana: mwanzo wa miaka ya sitini, mwisho wake, kisha mwanzo tena na mwisho tena. Msomaji anawakuta Olanna na pacha wake Kainene wamenuniana kabla ya kujua sababu. Usaliti wa kinyumbani anaugundua akiwa tayari ameyaona mauaji ya mwaka 1966. Filamu imeunyoosha msuko huo kuanzia uhuru wa mwaka 1960, na kwa hivyo vita vinakuja kama ajali inayovuruga kisa cha mapenzi.

Hasara kubwa zaidi imempata Ugwu. Riwaya inaanza naye, kijana wa miaka kumi na mitatu anayepelekwa Nsukka kuwa mtumishi wa Odenigbo. Ndani ya riwaya mna vipande vya kitabu kingine kuhusu vita, na msomaji anaachwa adhani kwamba mwandishi wake ni Richard, Mwingereza mpenzi wa Kainene. Mwishoni hubainika kuwa kalamu ni ya Ugwu. Richard mwenyewe amekwisha kukiri kwamba vita hivyo si vyake kuvisimulia. Hapo ndipo ulipo uti wa mgongo wa riwaya: historia ya Biafra inaandikwa na aliyekuwa akiosha vyombo mezani pa wasomi. Filamu imemrudisha jikoni, na John Boyega anabaki kuwa mtumishi mwaminifu wa kupendeza.

Nafasi ya mwandishi huyo imejazwa na picha za habari za zama zile. Yafaa ikumbukwe jinsi Adichie anavyowasawiri wanahabari wa ng'ambo. Wamarekani wawili, wote wakiitwa Charles, wanaletwa Biafra, na mmoja anaulizia kifo cha Mwitalia wa kampuni ya mafuta huku maiti za Waafrika zikiwa hazina idadi. Riwaya inalitilia shaka jicho la namna hiyo. Filamu inalikabidhi kazi ya kueleza historia. (Hata tukio la Aprili 1968, Tanzania ilipokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, lina uzito mwingine likisikika redioni miongoni mwa watu wenye njaa.)

Pamoja na kalamu, Ugwu amepokonywa hatia. Katika riwaya, baada ya kuandikishwa jeshini kwa nguvu, anashiriki ubakaji wa msichana katika baa. Arejeapo kijijini anagundua kuwa dada yake, Anulika, alitendewa unyama huohuo na askari. Anayeandika historia si malaika, na Adichie hakumwonea haya. Filamu haikuthubutu kufika huko. Ukimya huo unashangaza zaidi kwa kuwa Bandele, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa mwandishi wa riwaya pia. Babake alipigana Burma, na katika Burma Boy ya mwaka 2007 Bandele alivisimulia vita hivyo kupitia kwa askari mvulana, Ali Banana, bila kuhitaji picha ya habari hata moja.