Maji ya Mzima, matumbawe ya Kizingo

Leo naweka programu kando, nizungumzie maji.

Mwezi uliopita matumbawe matatu kwenye tangi langu yalifumba, na mwani wa kijani ukatanda kiooni. Nikakagua pampu, taa, joto: yote sawa. Kama kawaida ya kazi yetu, hitilafu ilikuwa pale nisipopatazama: maji ya mfereji niliyokuwa nikiongeza kila jioni.

Utauliza, mtu anayekaa hatua chache kutoka baharini anataka maji ya mfereji ya nini? Maji ya tangi yakikauka, chumvi hubaki. Kwa hiyo unajazia maji matamu, si ya bahari. Yakibeba fosfati, nitrati au shaba, nazo hubaki na kulimbikizana. Ni kama programu inayovuja memori: siku ya kwanza huoni kitu, mwezi wa pili mashine inaganda.

Maji matamu hayajawahi kuwa rahisi hapa. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale, na visima vyake vingi vina chumvichumvi. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, kuna birika la kukusanyia maji ya mvua. Wakati wa Waingereza yakaja mabomba kutoka Marere, Shimba Hills, kisha miaka ya 1950 bomba la Mzima, kutoka Tsavo, kilomita zipatazo 220. Maji ya Mzima ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyopenya miamba ya volkano. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, vilifuata baadaye.

Kwa binadamu, maji hayo yakitiwa klorini yanafaa. Kwa matumbawe, hapana. Makaa ya chujio huondoa klorini, lakini madini yaliyoyeyuka yanahitaji utando wa osmosisi ya kinyume, ambapo maji husukumwa kwa nguvu na chumvi huachwa nyuma. Utando uliofanya kazi hiyo iwezekane ni wa Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, chuo cha UCLA, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukautumia kusafisha maji ya kisima yenye chumvi. Shida yao ilikuwa ile ile ya visima vyetu.

Basi nikanunua chujio. Kumbe kwa kila lita moja safi, humwaga lita tatu au nne! Tangi langu hunywa lita mbili kwa siku, kwa hiyo zinapotea sita hadi nane, katika mji ambao watu hununua maji kwa mitungi ya mkokoteni. Bibi yangu akauliza, "Mjukuu wangu, samaki wanakunywa kutushinda?"

Sikuwa na jibu, nikatafuta ndoo. Maji yanayomwagwa ni yale yale ya mfereji, yamezidi madini tu. Sasa tunafulia na kusafishia choo.

Matumbawe mawili yamefumbuka. La tatu nimelipoteza.