Tambi, hina na mwali wa Trapani



Italia siku hizi haikosi kutajwa kwenye mazungumzo ya fungate. Wataliano wenyewe tumeshawazoea, maana pwani ya Kiwengwa vijana wetu wanakiongea Kitaliano kama walizaliwa nacho. Lakini wanaopanga safari hutaja Roma na Venezia, wakapige picha na njiwa, warudi. Sisi tunasema, kama moyo wako unapenda jiko na maisha ya watu, shuka kusini mpaka kisiwa cha Sicilia. Huko utakuta mambo ya kwetu yamekaa jikoni mwa watu wasiokuwa Waislamu, na yana historia ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 827 majeshi ya Waislamu kutoka Tunisia ya leo yalishuka Mazara, upande wa magharibi wa kisiwa. Aliyeyaongoza hakuwa mwanajeshi wa kazi. Alikuwa kadhi wa Qayrawan, Asad bin al-Furat, mzee aliyesoma kwa Imam Malik mwenyewe. Alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi, mji wa Siracusa ukiwa bado umezingirwa. Palermo ilichukuliwa mwaka 831, na kwa zaidi ya miaka 200 ikawa mji wa Waislamu. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika karne ya kumi, aliandika kwamba misikiti yake ilipita 300. Aliandika pia kwamba watu wa Palermo wanakula vitunguu vibichi asubuhi na jioni, matajiri kwa maskini, na kwamba vitunguu hivyo ndivyo vilivyowaharibu akili. Bila shaka hakuwahi kuonja kachumbari ya kwetu.

Walimaji wa zama hizo walichimba mifereji na mabirika ya kumwagilia mashamba, na hadi leo birika la shamba Sicilia linaitwa gebbia, neno la Kiarabu. Wakastawisha miwa, ndimu, machungwa makali na mabilingani. Sukari Mtaliano anaiita zucchero, zafarani anaiita zafferano, na kuna zabibu za kule ziitwazo zibibbo. Ukitembea sokoni Ballarò, Palermo, utahisi unasikia Kiswahili kilichotiwa ladha nyengine.

Sasa tuje kwenye tambi. Wengi tumefundishwa kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta Italia kutoka China. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi, mwanachuoni Mwislamu aliyefanya kazi kwa mfalme Roger wa Pili, alikamilisha kitabu chake cha jiografia. Humo anaitaja Trabia, kijiji cha pwani mashariki ya Palermo chenye maji yanayozungusha vinu, na anasema wanatengeneza itriyya kwa wingi, na merikebu zinazipeleka Calabria na nchi nyengine za Waislamu na za Wakristo. Itriyya ni tambi za unga wa ngano zilizokaushwa. Marco Polo alizaliwa mwaka 1254, miaka 100 kamili baadaye. Kwa hiyo unapokaanga tambi zako za sukari na iliki mwezi wa Ramadhani, usione haya mbele ya spageti ya mtu yeyote.

Utauliza, Roger ni jina la Kikristo, anafanya nini hapo? Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini ya Ufaransa, waliichukua Palermo mwaka 1072. Hawakuwafukuza Waislamu mara moja, maana waliwahitaji. Wapishi wa jumba walikuwa Waislamu, makatibu Waislamu, mafundi Waislamu. Joho la sherehe la Roger limehifadhiwa Vienna hadi leo. Ni hariri nyekundu iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu na lulu, ina picha ya simba akimwangusha ngamia, na pembezoni mna maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa Hijria, 528. Anayependa mapambo ya harusi alitafute kwenye picha, asikose.

Kuhusu wanawake wa zama hizo, shahidi wetu mkubwa ni Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia. Alikuwa akirudi kutoka hija, chombo kikavunjika karibu na Messina mwezi wa Disemba 1184. Mwaka ule Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Alipokuwa Palermo aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani siku hiyo wamevaa hariri yenye dhahabu, wamejitanda mashuka mazuri, nyuso wamezifunika kwa shela za rangi, vidole vina hina, na manukato yananukia. Yeye mwenyewe anasema walivaa mtindo wa wanawake wa Kiislamu. Fikirini hilo. Miaka zaidi ya 100 baada ya Waislamu kupoteza utawala, mwanamke wa Palermo akitaka kupendeza sikukuu alijipamba kama sisi! Na ndani ya jumba la mfalme William wa Pili, fundi wa kutarizi aitwaye Yahya alimnong'oneza Ibn Jubayr kwamba wajakazi wa jumba walikuwa Waislamu kwa siri, na kwamba wanawake wa Kifaranji walioingia humo walisilimu kwa mikono yao.

Lakini nyuma ya hina kulikuwa na hofu. Ibn Jubayr anaeleza jinsi nyumba za Waislamu zilivyokuwa zikivunjika kutoka ndani. Baba akimkasirikia mwanawe au mkewe, mama akimgombeza binti yake, aliyegombezwa aliweza kukimbilia kanisani akabatizwa kwa hasira, na hapo hakuna tena wa kumrudisha. Wazazi wakaishi wakiwaogopa watoto wao. Mzazi gani kati yetu hajawahi kumkaripia mtoto?

Iddi-el-fitri ilimkuta Trapani, mji wa bandari magharibi ya kisiwa. Aliwaona Waislamu wakienda kusali kwa ngoma na mabaragumu, akastaajabu kwamba wanaachiwa. Huko huko mmoja wa wakubwa wa mji alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji, akimwomba ampokee binti yake mwali. Akimpenda amuoe, asipompenda amuozeshe kwa mtu wa kwao, muhimu aondoke naye akaishi nchi ya Waislamu. Baba alimuuliza binti mwenyewe. Jibu lake lilikuwa kwamba akimzuia, basi dhamana yake iko juu ya baba. Mama hakuwa naye, alishafariki. Aliacha ndugu wawili wa kiume na mdogo wake wa kike. Yule haji alikubali, na Ibn Jubayr na wenzake walimsaidia.

Jina lake halikuandikwa. Sisi tunapomlilia bibi harusi anayetoka Mkunazini kwenda Chake, na simu anayo mkononi, tumkumbuke na huyu. Kuna watakaosema baba alikuwa mgumu wa moyo. Sisi hatuoni hivyo. Baba huyo aliyaona yanayokuja, na yalikuja kweli. Katika miaka ya 1220 mfalme Frederick wa Pili alianza kuwahamisha Waislamu wa Sicilia kwa nguvu hadi Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 Lucera nayo ikavunjwa na mfalme Charles wa Pili wa Anjou, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani. Ndugu zake mwali yule, au watoto wao, huenda walikuwa njiani humo.

Watu wakaenda, jiko likabaki. Trapani hiyo hiyo ndiyo maarufu kwa cùscusu. Mwanamke hukaa na bakuli pana la udongo, ananyunyiza maji kwenye semolina na kuizungusha kwa vidole, polepole, mpaka ikawa punje ndogo ndogo. Kazi hii inaitwa incocciare, na mikono ya haraka haiiwezi. Punje hupikwa kwa mvuke ndani ya chungu chenye matundu, juu ya chungu cha maji, na pale vyungu viwili vinapokutana hubandikwa donge la unga mvuke usitoroke, kama anavyofanya mpishi wa biriani anapoziba sufuria. Ikiiva inamwagiwa mchuzi wa samaki, inafunikwa na blanketi la sufu ipumzike. Kwao mchuzi ni wa samaki, si wa nyama. Wapo wanaosema chakula hiki kimebaki tangu zama za maamiri, na wapo wanaosema wavuvi wa Trapani waliokwenda Tunisia kutafuta marijani ndio waliokirudisha baadaye. Kwetu njia zote mbili zinapita kwenye bahari moja.

Vitamu ndiyo usiseme. Kashata za ufuta wanaziita cubbaita, neno la Kiarabu pia. Mkate wao wa Palermo umejaa ufuta juu, ungeuona ungedhani umetoka Darajani. Na wakati wa joto wanapika gelo di mellone, maji ya tikiti yaliyogandishwa kwa wanga, yenye mdalasini na harufu ya asmini. Ndiyo, asmini hizi hizi tunazosuka vikuba, wao wanazila.

Kwa atakayekwenda, Mazara del Vallo ina mtaa wa kale unaoitwa Kasbah, ambako familia za wavuvi wa Kitunisia zimeishi tangu miishoni mwa miaka ya 1960, na msikiti upo. Pale pale aliposhukia kadhi Asad. Kwengineko tahadhari. Panelle, bajia bapa za unga wa dengu, kwa kawaida hazina tatizo, ila uliza mafuta na kilichokaangwa humo kabla. Mkate wa wengu, pani ca meusa, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, upite mbali. Arancine za nyama uliza nyama gani. Cannoli zinavutia sana kwa macho, lakini ganda lake mara nyingi hutiwa mvinyo na mafuta ya nguruwe, ambayo Kitaliano ni strutto. Jifunze neno hilo kabla hujajifunza hata kusema asante.