Farasi Aliyejipiga Picha

Wapiga picha wa magazeti hupenda kujisifu kwamba siri ya kazi iko kidoleni. Sawa, lakini wadau, kidole cha binadamu ni kizito. Tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze, hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Farasi anayekimbia kilomita 58 kwa saa atakuwa ameshasogea mita tatu na ushee!

Ndiyo shida iliyomkabili Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani. Leland Stanford, tajiri wa reli na gavana wa zamani wa California, alitaka kujua farasi huwekaje miguu anapokimbia. Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, moja kila baada ya sentimita 69 hivi, na nyuzi zikakatiza njia hiyo. Farasi jike, Sallie Gardner, alipopita, kila uzi alioukata ulifyatua shata ya kamera yake kwa umeme. Hakuna mtu aliyebonyeza kitu. Picha zikaonyesha kuwa kuna wakati miguu yote minne iko hewani.

Tusichanganye mambo mawili hapa: shata ifunguke lini, na ikae wazi muda gani. Muybridge alieleza kuwa muda wake haukufika 1/2000 ya sekunde. Kwa muda huo farasi husogea milimita nane tu. Kwa 1/100 angesogea sentimita 16, na picha ingekuwa ukungu mtupu. Tatizo ni kwamba muda mfupi huleta mwanga kidogo, ndiyo maana nyuma ya farasi palikuwa peupe.

Viwandani leo mchezo ni ule ule. Chupa iliyo juu ya mkanda hukata mwale wa mwanga, jicho la umeme hupeleka ishara, kamera husubiri chupa ifike mbele ya lenzi, kisha hufungua, tuseme kwa maikrosekunde 100, huku flashi ikiwaka. Mkanda ukienda mita mbili kwa sekunde, chupa husogea milimita 0.2 tu. Na kwa kuwa mwendo wa mkanda hubadilika, viwanda vingi havitegemei saa. Hufunga kifaa kinachohesabu mizunguko ya rola, yaani hupima umbali, kama nyuzi za Muybridge.

Stanford naye? Mwaka 1882 alifadhili kitabu cha J. D. B. Stillman kuhusu picha hizo, na jina la Muybridge halikuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza. Muybridge alikwenda mahakamani, akashindwa.

Sasa swali langu: kama kidole hakikubonyeza, picha ni ya nani? Ya farasi? Ya mwenye fedha? Mimi nasema ni ya aliyetega nyuzi, kwa sababu ndiye aliyeamua lini na kwa muda gani. Nyie mnasemaje?